Al-Jazari, Fundi Aliyepima Kwanza Kisha Akasema



Ndugu msomaji, sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Makala hii naiandika nikiwa na deni. Muhula uliopita, katika darsa letu la baada ya Isha, nilisimama mbele ya ndugu zangu nikasema kwamba injini ya gari ilibuniwa na Muislamu aitwaye Al-Jazari zaidi ya miaka 800 iliyopita. Takbir zikasikika. Ndugu yangu ninayeishi naye chumba kimoja, anayesoma uhandisi wa mitambo, hakusema kitu mpaka tuliporudi chumbani. Hapo akafungua daftari lake, akanionesha zoezi alilopewa la kutafuta unene wa kichwa cha pistoni, kisha akaniuliza kwa upole: katika mtambo huo wa Al-Jazari, moto uliwaka wapi?

Sikuwa na jibu. Habari ile niliiona kwenye simu, ikanipendeza, nikaipeleka mbele za watu. Sisi tunaosoma masomo ya dini tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba habari haipokelewi mpaka itazamwe imetoka kwa nani. Mchana nilikuwa darasani nikichambua wapokezi wa hadithi, na usiku nikapokea habari ya mtu nisiyemjua hata jina. Niliona aibu, na aibu hiyo ikanipeleka maktaba.

Nilichokikuta ni kizuri kuliko nilichokisema. Haya ndiyo maisha ya mtu huyo kwa kadiri yanavyojulikana, na mwishoni nitarudi kwenye daftari la ndugu yangu.

Jina lake na nchi yake

Jina lake ni Ismail, mwana wa Ar-Razzaz, na kuniya yake ni Abul-Izz. Watu wa zama zake walimpa lakabu ya Badi'uz-Zaman, yaani mtu wa ajabu wa zama zake. Ar-Razzaz kwa Kiarabu ni muuza mchele. Al-Jazari ni nisba ya Al-Jazira, jina ambalo Waarabu waliita nchi iliyo katikati ya mito miwili, Dijla na Furati, upande wa juu. Leo nchi hiyo imegawanyika baina ya Uturuki, Syria na Iraq.

Watu wa leo wanagombania kabila lake. Wako wanaosema alikuwa Mwarabu, wako wanaosema Mkurdi, wako wanaosema Mturuki, na kila mmoja anataka fahari ibaki nyumbani kwake. Sisi tunaosoma Kigali tumeoneshwa na historia ya nchi hii mtu akipimwa kwa kabila lake mambo hufika wapi, kwa hiyo mjadala huo nitauacha palepale ulipo. Kinachotosha ni kwamba aliandika kwa Kiarabu, lugha ya elimu ya wakati huo, na kwamba aliishi na kufanya kazi miongoni mwa watu wa kila asili.

Zama alizoishi

Al-Jazari alifanya kazi mwishoni mwa karne ya 6 Hijria, sawa na mwishoni mwa karne ya 12 Miladia. Huo ndio wakati wa Salahuddin Al-Ayyubi. Mwaka 1183 Salahuddin aliuteka mji wa Amid, ambao leo unaitwa Diyarbakir, kusini-mashariki mwa Uturuki. Hakuuweka mikononi mwake. Alimkabidhi mfalme mdogo wa ukoo wa Artuq, Nuruddin Muhammad, aliyekuwa mshirika wake. Miaka minne baadaye, mwaka 1187, Salahuddin aliingia Baitul-Maqdis.

Mara nyingi tunapoisoma historia ya miaka ile tunaona panga na farasi tu. Lakini katika mwezi uleule ambao majeshi yalikuwa njiani, palikuwa na mtu ndani ya karakana anasugua vali ya shaba kwa unga wa msasa ili isivujishe maji. Umma ulisimama kwa watu wa aina zote mbili, ingawa mmoja wao ndiye aliyeimbwa zaidi.

Miaka 25 ya utumishi

Al-Jazari aliingia katika utumishi wa ukoo wa Artuq karibu na mwaka 577 Hijria, yaani 1181 au 1182 Miladia. Alimtumikia kwanza Nuruddin Muhammad, kisha mwanawe Qutbuddin Sukman, kisha mwanawe mwingine Nasiruddin Mahmud. Hao ni baba na ndugu wawili, na fundi ni mmoja. Wafalme wakabadilika, yeye akabaki na nyundo yake.

Kazi yake ilikuwa ya kila namna. Alitengeneza saa, mabomba, chemchemi na mashine za kupandisha maji. Aliunda kufuli la sanduku lenye visahani vinne vya herufi, ambalo halifunguki mpaka kila kisahani kigeuzwe mahali pake. Alimimina mlango mkubwa wa shaba kwa ajili ya jumba la mfalme pale Amid.

Saa zake ndizo zilizompa sifa kubwa. Moja ilikuwa juu ya sanamu ya tembo. Ndani ya tembo mlikuwa na tangi la maji, na juu ya maji bakuli lenye tundu dogo lililozama polepole. Kila lilipozama, kamba na mipira ya chuma vilisogea, ndege akalia, na mwendesha tembo akapiga. Ndani ya saa hiyo mna tembo wa Kihindi, nyoka wa kichina, hesabu ya maji ya Wayunani na mtu aliyevaa kilemba. Fundi hakuona haya kuchukua hekima kutoka kila upande.

Hapa pana jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tutalielewa upesi kuliko wengine. Saa za Al-Jazari zilihesabu mchana kuwa saa 12 kuanzia kuchomoza hadi kuzama kwa jua, kama tunavyohesabu sisi saa moja ya asubuhi hadi saa kumi na mbili za jioni. Lakini Kigali iko karibu sana na ikweta, mchana wetu haubadiliki. Amid iko mbali kaskazini; mchana wa kiangazi ni mrefu sana na wa baridi ni mfupi. Kugawa kila mchana mafungu 12 yaliyo sawa maana yake ni kwamba urefu wa saa yenyewe unabadilika siku hadi siku. Al-Jazari alilazimika kutengeneza saa ambayo mwendo wa maji yake unarekebishwa kila siku kufuata majira. Alijaribu vipimo vya waliomtangulia, akaona havitoi majibu sahihi, akapima upya kwa mkono wake hadi alipopata kilicho sawa.

Chombo cha kutawadhia

Miongoni mwa kazi alizoamriwa, iko moja inayotuhusu sana. Mfalme Mahmud hakupenda mtumishi au kijakazi amwagie maji mikononi wakati wa kutawadha. Akamwomba Al-Jazari amtafutie njia. Fundi akamtengenezea chombo chenye sura ya kijana aliyeshika birika. Maji yalitoka yenyewe kwa kiasi kinachotosha kwa udhu, na yalipokwisha, mkono wa sanamu ulishuka ukimpa mfalme taulo na vitu vya kujitengenezea.

Msomaji wa fiqhi hatakosa kuuliza kuhusu sanamu, na hilo lina mlango wake katika vitabu vya wanazuoni. Vilevile sitaficha kwamba fungu zima la kazi zake lilikuwa vyombo vya kuchezesha wageni katika vikao vya wafalme vya kunywa. Huyo alikuwa fundi wa ikulu, na ikulu za wakati ule zilikuwa na yake. Tukitaka kumtaja mtu kwa haki, tutaje alichokifanya chote, wala tusimvishe kanzu ambayo hakuivaa. Hukumu yake iko kwa Mola wake. Sisi tunajifunza ufundi wake.

Kitabu

Siku moja mfalme Nasiruddin alimwambia kwamba vitu alivyovitengeneza havina mfano, na kwamba itakuwa hasara jasho lake lipotee. Akamtaka aandike kitabu. Al-Jazari alisita, kisha akatii. Alikimaliza mwaka 602 Hijria, mwanzoni mwa 1206 Miladia, baada ya utumishi wa miaka 25.

Kitabu hicho kinaeleza vyombo 50 katika mafungu sita: saa za maji na za mishumaa, vyombo vya vikao, mabirika na mabeseni ya udhu na ya kupimia damu inayotolewa mwilini, chemchemi na filimbi zinazojipiga, mashine za kupandisha maji, na mambo mengineyo. Moja ya majina ya kitabu lina maana ya kukusanya pamoja elimu na amali yenye manufaa katika ufundi wa hila. Elimu na amali: maneno haya mawili tunayasikia kila Ijumaa, na hapa yamewekwa juu ya kitabu cha gia na mabomba.

Tofauti ya kitabu hiki na vingi vilivyokitangulia ni kwamba kiliandikwa ili mtu mwingine aweze kutengeneza. Kila chombo kina michoro, herufi za kuonesha sehemu, vipimo na maelezo ya namna ya kuunganisha. Al-Jazari alieleza jinsi ya kumimina shaba katika kalibu la mchanga, jinsi ya kubandika mbao kwa tabaka ili zisipinde, jinsi ya kusawazisha gurudumu lisielemee upande mmoja, na jinsi ya kukata mfano wa karatasi kabla ya kugusa shaba. Alishikilia kwamba elimu ya ufundi isiyojaribiwa kwa mikono hubaki inaning'inia baina ya kweli na uongo. Hakuandika kifaa mpaka amekiunda.

Jambo jingine lilinigusa zaidi. Alitaja waliomtangulia. Aliwataja Banu Musa, ndugu watatu wa Baghdad walioandika juu ya vyombo vya hila zaidi ya miaka 300 kabla yake. Alitaja kazi ya saa iliyonasibishwa kwa Archimedes, Myunani. Pale alipochukua, alisema amechukua. Pale alipobadilisha, alisema amebadilisha na kwa nini. Hii ni isnadi, ndugu msomaji, isipokuwa imeandikwa na fundi badala ya muhadithi.

Mwaka uleule wa 1206 ndio unaotajwa kwa kawaida kuwa mwaka wa kufa kwake. Allah amrehemu.

Pampu yenye pistoni mbili

Sasa tufike kwenye mashine iliyonitia aibu. Katika fungu la tano ameeleza mashine tano za kupandisha maji. Ya tano ni pampu.

Gurudumu lenye makasia linakaa ndani ya mto na kugeuzwa na maji. Ekseli yake inazungusha gia, na gia hiyo inazungusha gia ya pili. Kwenye gia ya pili, karibu na ukingo, kuna kijiti kilichosimama. Kijiti kinaingia ndani ya mwanya mrefu wa fimbo iliyofungwa ncha moja. Gia ikizunguka, fimbo inayumba kushoto na kulia. Kila upande wa fimbo imeunganishwa pistoni, na kila pistoni iko ndani ya silinda ya shaba iliyolazwa. Pistoni moja inapovutwa, silinda yake inafyonza maji kupitia bomba linaloshuka mtoni. Wakati huohuo pistoni ya pili inasukuma maji yake juu. Kisha zinabadilishana. Vali zinayazuia maji yasirudi. Mabomba mawili ya kutolea yanaungana kuwa moja, na maji yanapanda zaidi ya mita kumi.

Pistoni yenyewe ilikuwa visahani vya shaba vyenye nyuzi za katani zilizozungushwa katikati, ili izibe vizuri ndani ya silinda. Mtu aliyewahi kuona injini ikifunguliwa pale Gatsata ataitambua kazi ya nyuzi hizo: leo inafanywa na ringi za pistoni.

Ni kitu gani kilikuwa kipya? Pistoni ndani ya silinda haikuwa mpya. Ctesibius wa Alexandria alikuwa na pampu ya pistoni mbili zaidi ya miaka 1,400 kabla yake. Hata kranki, mkono unaobadilisha mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi, ilitumika kwenye mashine ya kukatia mawe ya Warumi huko Hierapolis, ambayo leo pia iko Uturuki. Wanahistoria wa ufundi wanamsifu Al-Jazari kwa mambo yaliyokutana katika pampu hii: bomba halisi la kufyonza, pistoni mbili zinazofanya kazi kwa zamu bila kupoteza mwendo, na mzunguko wa gurudumu kugeuzwa kuwa mwendo wa kwenda na kurudi ndani ya mashine moja inayojiendesha. Kwa karne ya 12 hayo si madogo.

Lakini si injini. Katika pampu yake, gurudumu ndilo linaloisukuma pistoni. Katika injini ya gari, pistoni ndiyo inayolizungusha gurudumu. Mwendo umegeuzwa, na kilichougeuza ni moto ndani ya silinda. Kufika hapo kulihitaji karne nyingi na mikono mingi: Taqiyuddin, aliyeeleza pampu ya silinda sita mwaka 1551; Newcomen wa Uingereza, aliyetumia mvuke mwaka 1712; Otto wa Ujerumani mwaka 1876; na Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897. Kitabu cha Al-Jazari kilianza kufasiriwa kwa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na tafsiri kamili ya Kiingereza, ya Donald Hill, ilitoka mwaka 1974. Kwa hiyo hatuwezi kuchora mstari ulionyooka kutoka Amid hadi kwenye gari la leo. Tunaweza kusema kwamba wazo la pistoni linalotembea kwa utaratibu lilikuwa mikononi mwa Muislamu huyu, na kwamba aliliboresha. Hiyo ndiyo haki yake, na inatosha.

Unene wa kichwa cha pistoni

Ndugu yangu alinifundisha hesabu yake, nami nilitaka kuielewa ili nijue umbali uliopo baina ya Amid na Gatsata.

Kichwa cha pistoni ni kile kisahani cha juu kinachopokea mlipuko. Kikiwa chembamba kitapinda au kupasuka. Kikiwa kinene mno, pistoni itakuwa nzito, na injini itapoteza nguvu kuirusha juu na chini maelfu ya mara kwa dakika. Kwa hiyo unene haukisiwi. Wahandisi wanakichukulia kichwa hicho kama sahani ya duara iliyoshikwa ukingoni pote na kusukumwa sawasawa juu yake. Fomula wanayoitumia inanasibishwa na Franz Grashof, mhandisi Mjerumani aliyeishi 1826 hadi 1893:

t = √(3pD² ÷ 16σ)

Hapo t ni unene, p ni shinikizo kubwa kabisa la gesi, D ni kipenyo cha silinda, na σ ni mkazo ambao madini yanaruhusiwa kubeba.

Tuchukue mfano. Silinda ina kipenyo cha milimita 80, shinikizo ni niutoni 6 kwa kila milimita mraba, na pistoni ni ya aloi ya alumini inayoruhusiwa kubeba niutoni 60 kwa milimita mraba. Juu tunapata 3 × 6 × 6,400, ambayo ni 115,200. Chini tunapata 16 × 60, ambayo ni 960. Ukigawanya unapata 120, na kipeo chake cha pili ni karibu 10.95. Basi unene ni milimita 11. Ukitumia chuma cha kumimina, ambacho kinaruhusiwa karibu niutoni 38 tu, unapata milimita 14 hivi.

Hiyo ni nusu ya kazi. Mhandisi anakokotoa tena kwa upande wa joto, maana kichwa kinapaswa kuwa na unene wa kutosha kulipitisha joto kutoka katikati hadi ukingoni, ambako ringi na kuta za silinda zinalichukua. Akishapata majibu mawili, anachukua lililo kubwa zaidi. Alumini inapitisha joto zaidi ya mara tatu kuliko chuma cha kumimina, ndiyo sababu mojawapo ya kupendwa kwake.

Nilipomuuliza kwa nini mwalimu wao ni mkali sana katika zoezi hili, alinikokotolea nguvu inayokishukia kichwa hicho: eneo la duara la milimita 80 ni takriban milimita mraba 5,027, mara 6, unapata niutoni 30,000 hivi. Ni kama kuweka tani tatu juu ya kitu kinachoenea kwenye kiganja, kisha kuziondoa, kisha kuzirudisha, mara nyingi kila sekunde. Basi lililojaa abiria likipanda mlima kutoka Nyabugogo limezibeba roho zile juu ya milimita hizo 11. Aliyekosea hesabu au aliyedanganya kuhusu madini hataonekana siku hiyo, wataonekana abiria.

Sasa mlinganishe na pampu ya Al-Jazari. Maji yaliyosimama mita kumi yanasukuma kwa takriban niutoni 0.1 kwa milimita mraba. Injini ya mfano wetu inasukuma mara 60 ya hapo, tena kwa moto. Fomula ya Grashof haikuwepo, wala elimu ya mkazo wa madini. Yeye alikuwa na jicho, mkono, mzani na subira ya kujaribu tena. Kwa mzigo wake, vilitosha. Kwa mzigo wa leo, visingetosha. Kila zama ina mzigo wake, na kila zama inadaiwa hesabu inayolingana na mzigo huo.

Tunayojifunza

Ndugu zangu, katika maisha haya nimeona mambo matatu.

Kwanza, ufundi ni ibada ukinuiwa na kufanywa kwa ihsani. Katika Surat Saba tunasoma kwamba Nabii Daudi, alayhis-salaam, alilainishiwa chuma na kuamriwa apime sawasawa pete za deraya. Nabii wa Allah aliamriwa kupima. Imam Al-Ghazali naye aliweka elimu kama hesabu, tiba na kazi za lazima za mikono katika faradhi za kutosheleza: wakikosekana kabisa wa kuzifanya, mji mzima unapata dhambi. Basi dada au kaka anayekesha na fomula ya pistoni asijione yuko nje ya dini, na mimi ninayekesha na usulul-fiqhi nisimtazame kwa jicho la juu.

Pili, elimu ni amana inayopokezanwa. Al-Jazari alipokea kwa Wayunani na kwa Banu Musa, akasema. Mwanafunzi wa leo anapokea kwa Grashof, naye aseme. Hakuna aibu kupokea. Aibu ni kuficha ulipochukua.

Tatu, na hili najiambia nafsi yangu, Uislamu hauhitaji kusaidiwa kwa habari isiyo ya kweli. Surat Al-Hujurat imetutaka tuthibitishe habari kabla ya kuifanyia kazi, wala haikutoa ruhusa kwa habari inayotufurahisha. Nilipomzidishia Al-Jazari sifa isiyo yake, sikumpandisha. Nilimfanya aonekane mwongo mbele ya mwanafunzi wa uhandisi, na yeye hakuwa mwongo. Angekuwa hai, huyo fundi asiyeandika mpaka amejaribu ndiye angekuwa wa kwanza kunirudi.

Ijumaa iliyofuata niliomba dakika tano baada ya darsa. Nikasimama palepale, nikasema nilikosea, nikaeleza pampu ilivyokuwa. Safari hii hakukuwa na takbir. Lakini baada ya dua walinifuata ndugu wawili wa mwaka wa kwanza, wakataka kuona mchoro wa fimbo ile yenye mwanya. Tulikaa watatu hadi mlinzi alipokuja kuzima taa.

Tunamwomba Allah amrehemu Al-Jazari, awarehemu walimu wetu wa dini na wa dunia, na atujaalie tuwe wenye kupima kabla ya kusema. Wabillahi tawfiq.